Matokeo Kutoka Kigoma

Jua huchelewa kuzama Ujiji. Nchi yote inakwenda kwa saa moja, lakini sisi tuko mwisho wa magharibi, na jioni ya Dar es Salaam hutufikia karibu dakika 40 baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtangazaji wa Radio Tanzania aliposema kutoka Uwanja wa Taifa kwamba kiza kimeanza kuingia na mwamuzi anatazama saa yake, sisi tuliokaa chini ya mwembe tulikuwa bado tunaliona jua juu ya milima ya Zaire, ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo viongozi wa ligi yetu hawakuona taabu kuanza mechi saa kumi na moja. Watu walizibeba redio zao kwenda kiwanjani, wakasikiliza dakika za mwisho za Simba na Yanga huku wakitazama mpira wa nyumbani.

Mpira huo wa nyumbani redio haikuutaja. Matokeo ya Dar es Salaam, Mwanza, Tanga na Morogoro yalisomwa. Ya kwetu yalibaki kwetu, na baada ya wiki mbili hata waliokuwepo walianza kubishana juu ya nani alifunga. Mtu aliyekataa hali hiyo iendelee alikuwa Baba Mdogo, mdogo wake baba, aliyenilea.

Kazi iliyotulisha ilikuwa ukarani wa vifurushi katika stesheni ya Kigoma, jengo kubwa la Wajerumani karibu na bandari, pale inapokoma reli iliyofika ziwani mwaka 1914. Kazi aliyoipenda ilikuwa kuandika habari za michezo. Hakuajiriwa na gazeti lolote, hakusomea uandishi, na kitambulisho pekee alichokuwa nacho kilikuwa cha Shirika la Reli. Alikuwa mwandishi wa ridhaa, kama wachezaji aliowaandika walivyokuwa wachezaji wa ridhaa: kuli wa bandarini, mvuvi wa Kibirizi, mwalimu wa shule ya msingi, askari magereza, fundi baiskeli wa Mwanga. Nilianza kufuatana naye nikiwa msichana mdogo wa shule ya msingi. Alivua saa yake ya mkononi akanipa, ili mkono wake uandike na macho yake yasiondoke mchezoni. Kazi yangu ilikuwa kutaja dakika.

Aliandika kwenye kaunta buku zenye jalada gumu, na ukurasa wake ulikuwa na mpangilio usiobadilika. Juu kabisa aliweka tarehe, kiwanja, hali ya upepo, jina la mwamuzi na majina ya washika vibendera. Chini yake zilifuata orodha mbili za wachezaji 11, kila mmoja na jina lake, jina la baba yake, mtaa anaoishi na kazi anayofanya. Majina ya utani yalifuata kando, kwa sababu mjini kwetu kila winga alikuwa na jina la utani, na mabeki wengine hawakujulikana kwa jina jingine lolote.

Kabla ya mechi alipita kwa kila mchezaji wakati wanafunga viatu, wale waliokuwa navyo, akauliza: “Mwanangu, baba yako anaitwa nani? Mnaliandikaje jina lenu?” Ujiji ni mji wa watu waliotoka pande nyingi. Wapo Waha, wenyeji wa nchi ile. Wapo Wamanyema ambao babu zao walivuka ziwa enzi za misafara. Wapo Wabembe, Wagoma, Waholoholo, Warundi, na jamaa waliotoka pwani na Uarabuni. Jina moja laweza kuandikwa kwa namna tatu. Baba Mdogo aliliandika vile mwenyewe alivyotaka, na kwa asiyejua kusoma alilitamka mbele yake tena na tena mpaka mwenye jina aridhike. Viongozi wa timu walimwambia anapoteza muda. Yeye aliona kwamba mtu aliyetoka kubeba magunia tangu alfajiri, kisha akaja kukimbia dakika 90 bila kulipwa hata senti, ana haki ya kuandikwa jina lake sawasawa.

Upande wa kushoto wa ukurasa kulikuwa na safu ya dakika, na hiyo aliichukua Gombe. Kaskazini mwa Kigoma, kando ya ziwa, ndiko Jane Goodall alikofika Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Jina lake linajulikana dunia nzima. Yanayojulikana kidogo ni yale ya Mei 1975, pale waasi kutoka Zaire walipovuka ziwa usiku wakawateka wanafunzi wanne. Watafiti wa kigeni waliondoka, na kazi ya kuandika mwenendo wa sokwe siku kwa siku ikabaki mikononi mwa Watanzania, wengi wao wakiwa watu wa vijiji vya jirani. Mmoja wao, mtu wa Mwamgongo, alikuwa rafiki wa Baba Mdogo, na alipokuja mjini kununua mahitaji alilala kwetu. Nilimsikia akieleza kazi yake: unamfuata sokwe mmoja tangu anapoamka kwenye kiota chake hadi anapolala, una saa na karatasi, unaandika amekula nini, amekaa na nani, amegombana na nani. Kila sokwe ana jina, na ukoo wake unajulikana kwa upande wa mama.

Baba Mdogo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba ikiwa sokwe wa Gombe wana watu wa kuwaandika kila siku kwa majina, vijana wanaocheza mpira Kigoma wanastahili walau mtu mmoja. Tangu hapo aliandika mechi kwa dakika. Hakuandika mabao peke yake. Aliandika kona, mpira uliogonga mwamba, kipa aliyeokoa kwa ngumi, beki aliyeumia na aliyeingia badala yake, na dakika ambayo upepo wa ziwani uligeuka.

Kwa kuandika hivyo aligundua jambo ambalo wengi hawakuliona. Timu ya wavuvi ilikuwa na sifa mbaya mjini. Jumapili hii inawafunga watu wa bandari mabao manne, wiki mbili baadaye inafungwa na wanafunzi. Wapo waliosema wavuvi ni walevi, wapo waliosema wanauza mechi. Sasa, dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku wa kiza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji, wakati ule za karabai. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazina nguvu, na wavuvi hupumzika nyumbani siku kadhaa. Baba Mdogo alianza kuchora umbo la mwezi pembeni ya kila tokeo, na matokeo yakajipanga yenyewe. Wiki za mbalamwezi wavuvi walishinda. Wiki za kiza walikuja kiwanjani wakitokea ziwani, hawajalala, viganja vimechanika kwa kamba, na kipindi cha pili walikuwa wanatembea.

Alilichukua daftari akalipeleka kwa katibu wa ligi, akamfungulia ukurasa baada ya ukurasa. Msimu uliofuata mechi za wavuvi zilipangwa katika wiki za mbalamwezi kila ilipowezekana, na timu iliyoitwa ya walevi ikakimbia dakika zote 90 kama wengine. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa. Watu walikuwa wamehukumiwa kwa miaka mingi kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika.

Kuandika ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuzifikisha habari Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Njia ya haraka ilikuwa telegramu, inayolipiwa kwa neno. Jumatatu asubuhi, kabla ya kuingia kazini, alisimama dirishani posta akiwa ameipunguza mechi nzima hadi timu, mabao, wafungaji na dakika, na kila neno lililobaki lilitoka kwenye mshahara wake. Njia ya pili ilikuwa bahasha. Aliandika habari kamili kwa mwandiko ulionyooka, akaikabidhi kwa gadi wa treni, ikapita Tabora, Dodoma na Morogoro kwa siku mbili na zaidi. Kwa mambo makubwa, kama timu ya mkoa kucheza Kombe la Taifa, aliomba simu kwa opereta, akangoja zamu yake, kisha akayataja majina ya wachezaji kwa sauti kuu, herufi kwa herufi, huku simu inakoroma na watu wa posta wote wameacha kazi wanamsikiliza.

Alipeleka Uhuru na Mzalendo. Alipeleka Mfanyakazi, lililopendwa sana na wapenzi wa michezo. Alipeleka Radio Tanzania, na SHIHATA, shirika la habari lililoanzishwa mwaka 1976. Mara nyingi habari yake ilitoka mistari mitatu. Mara nyingi zaidi haikutoka kabisa. Mhariri mmoja alimjibu kwa barua kwamba wasomaji hawana haja na ligi ya Kigoma. Baba Mdogo aliibandika barua ile kwenye daftari, na Jumatatu iliyofuata akasimama tena dirishani posta.

Na mistari mitatu ilipotoka, gazeti lilitufikia kwa treni ile ile, mechi ikiwa imepita wiki nzima na kila mtu anayajua matokeo. Bado watu walilizunguka. Nakumbuka siku moja sokoni, mama muuza migebuka alimwita Baba Mdogo, akamkaribisha kigoda, akamwomba amwonyeshe kwa kidole ni wapi hasa palipoandikwa jina la mwanawe. Hakujua kusoma. Baba Mdogo aliweka kidole, akalisoma jina taratibu, la kijana kisha la baba yake aliyekwisha kufariki. Mama yule alikata kipande kile cha gazeti kwa kisu cha samaki, akakikunja, akakifunga kwenye pindo la khanga pamoja na fedha za mauzo. Mara zote niliposikia watu wakiuliza karani yule anafaidika nini, nilimkumbuka mama yule.

Alikuwa na watu wake pia, mtandao uliotandazwa na reli na ziwa. Magadi wa treni walimletea matokeo ya Uvinza, kulikokuwa na timu ya machimbo ya chumvi, na ya Kaliua na Tabora. Mabaharia wa Liemba walimletea ya kusini. Meli hiyo Wajerumani waliileta kwa vipande, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927, na katika utoto wangu ilikuwa bado inasafiri Kigoma hadi Mpulungu, Zambia. Ilipotia nanga, Baba Mdogo alishuka gatini na kalamu: Kirando wamecheza na nani, Kipili je, Kasanga je? Wachuuzi waliovuka kutoka Kalemie walimweleza juu ya Englebert ya Lubumbashi, iliyochukua Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968, na walikuwa wakiwataja wachezaji wake kana kwamba ni jamaa zao. Kutoka Bujumbura zilikuja habari za timu za huko, na miaka mingi baadaye, mwaka 1992, Vital'O ilipofika fainali ya Kombe la Washindi Afrika, ufukwe wetu wote ulishangilia, maana mji ule uko kwenye maji yale yale.

Hata hivyo aliyoletewa na wengine hakuyachanganya na ya kwake. Yalikaa nyuma ya daftari, kila moja na jina la aliyelileta. Mbele yaliwekwa yale tu aliyoyaona kwa macho. Kanuni hiyo niliielewa vizuri Agosti 1979. Taifa Stars ilikuwa Ndola kucheza na Zambia, na sare ilitosha kutupeleka fainali za Afrika za Lagos za mwaka 1980, jambo ambalo Tanzania haikuwahi kulifikia. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha juzi tu. Televisheni haikuwepo Tanzania Bara, wala haikuwepo hadi mwaka 1994, hivyo mechi nzima ilikuwa sauti. Tulijaa chini ya mwembe, wazee kwa watoto, na Peter Tino aliposawazisha wavuvi walipiga madebe hadi ikawa hatumsikii mtangazaji. Mechi ikaisha 1-1.

Usiku ule nilitazama Baba Mdogo ameandika nini. Hakuandika mechi, kwa kuwa hakuiona. Aliandika tarehe, akaandika “Chini ya mwembe, Ujiji”, kisha majina ya wote waliokuwepo kuisikiliza, na la baba yake kila mmoja. Jina langu lilikuwamo. Ukurasa ule ninao hadi leo, na wengi waliomo hawana mahali pengine popote walipoandikwa.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Sukari ilikuwa ya foleni, mafuta ya taa ya foleni, na sabuni tulitumia ile iliyopikwa nyumbani kwa mawese. Betri za redio ziliadimika. Tulizianika juu ya bati ili zipate nguvu za kumalizia kipindi kimoja. Kaunta buku zilipokosekana, aliandika nyuma ya hati za mizigo zilizokwisha kazi, akazishona kwa uzi wa kushonea magunia na kuzibandika vipande vya magazeti kwa uji wa muhogo. Kurasa za miaka hiyo ni nyembamba, mwandiko umebanwa, lakini hakuna jina lililofupishwa.

Aliwaandika wanawake pia. Timu za netiboli za walimu, wauguzi na wafanyakazi wa bandari zilipocheza, alikuwa pembeni ya kiwanja na saa, na walipata ukurasa mzima kama wanaume, pamoja na jina la baba na kazi. Halima Mchuka alipoanza kusikika Radio Tanzania akitangaza mpira, mwanamke katika kazi ambayo nchi nzima iliijua kuwa ya wanaume, Baba Mdogo aliongeza sauti ya redio akaniita niache vyombo nije nisikilize. Hakunihubiria. Juma lile alinikabidhi kalamu akachukua saa, akawa yeye ndiye anayetaja dakika. Niliandika mechi ya timu ya reli na magereza tangu mwanzo hadi mwisho, na alipoisoma alisahihisha kituo kimoja tu, akaniuliza kwa nini sikuandika jina la mtoto aliyekuwa anaokota mipira.

Kulikuwa na siku ambazo kuandika ukweli kulimgharimu. Mara moja mashabiki wa timu iliyoshindwa walimfukuza mwamuzi hadi ufukweni, naye akaokolewa na mtumbwi. Viongozi wa timu hiyo walikuja nyumbani usiku, watu wazima tuliowapa shikamoo, wakaomba jambo lile lisiende Dar es Salaam. Aliwapa viti, akawapa chai, akawasikiliza. Kisha akawaambia kwa adabu kwamba mwamuzi naye ana jina na ana watoto, na yaliyompata yataandikwa kama yalivyokuwa. Wapo ambao hawakumwamkia tena kwa muda mrefu. Katika habari ile ile aliandika pia kwamba kipa wa timu yao ndiye aliyemvusha mwamuzi hadi kwenye mtumbwi, na jina la kipa huyo aliliandika lote.

Kuanzia miaka ya 1990 mambo yalibadilika. Magazeti ya watu binafsi yalichipuka, redio za binafsi zikaja, na Mwanaspoti lilipoanza mwaka 2001 michezo ikapata gazeti la kujitegemea lililosomwa nchi nzima. Baba Mdogo alikuwa amestaafu reli, nywele nyeupe, baiskeli ile ile. Waandishi vijana walimwendea kumwuliza historia ya klabu ya RTC Kigoma na ya timu ya mkoa, naye aliwafungulia madaftari bila kudai chochote. Mwaka 2003 Simba ilipowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti kule Cairo, aliyesimama langoni alikuwa kijana wa Kigoma, Juma Kaseja. Mji ulisherehekea. Baba Mdogo alifurahi sana, kisha akasema kwamba nyuma ya kila mmoja anayefika Cairo wapo wengi wazuri waliobaki kwa sababu hakuna aliyesikia habari zao, na akarudi kiwanjani Jumapili kuwaandika hao.

Kazi yake ya mwisho niliyoishuhudia ilikuwa Mei 2015. Burundi iliingia katika machafuko, maelfu ya watu wakakimbilia Kagunga, kijiji chembamba kati ya mlima na maji, mpakani. Liemba ile ile ya mwaka 1927 ikapewa kazi ya kuwachukua huko na kuwaleta Kigoma, na Uwanja wa Lake Tanganyika ukawa kituo chao cha kupumzika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kipindupindu kilikuwa kimeingia miongoni mwao. Pale tulipozoea kuona mabango ya timu kulikuwa na mahema, akina mama, masufuria na watoto wengi.

Baba Mdogo, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, aliniomba nimpeleke. Kupitia uzio tuliwaona wavulana wamefunga mpira wa makaratasi na kamba, wamepanga mawe kuwa magoli. Alivua saa yake akanipa. Aliwaita karibu na uzio, akawasalimu kwa Kirundi, akauliza majina yao na timu zao zinaitwaje. Wakatunga majina ya timu papo hapo, wakacheka, wakacheza kwa bidii mara mbili kwa kuwa kulikuwa na mzee anaandika. Tokeo ni 5-3. Ukurasa ule una upepo wa siku ile, una wafungaji, una dakika. Watu wengi walikwenda uwanjani wiki zile kuhesabu wakimbizi, na ilikuwa kazi ya lazima, maana chakula na dawa hugawanywa kwa hesabu. Yeye alikwenda kuwaandika kama wachezaji, na uso wa mvulana mmoja aliposikia bao lake limesomwa kwa sauti na jina lake mbele, naukumbuka kama wa mwanangu.

Desemba 2018 Mashujaa, timu ya Kigoma iliyokuwa bado haijafika Ligi Kuu, iliifunga Simba 3-2 Dar es Salaam na kuitoa katika Kombe la Shirikisho. Nilimsomea habari hiyo kitandani kutoka kwenye simu. Aliniomba nirudie orodha ya wachezaji wa Mashujaa, polepole. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Tulimzika Ujiji, na miongoni mwa waliobeba jeneza walikuwemo wazee ambao majina yao na ya baba zao yamo katika daftari la kwanza.

Hakuuona mwaka 2021, fainali ya Simba na Yanga ilipochezwa Kigoma. Tarehe 25 Julai Uwanja wa Lake Tanganyika ulifurika, kamera zilikuwa kila upande, na bao pekee la Taddeo Lwanga likaipa Simba kombe. Hakuuona mwaka 2023, Mashujaa ilipopanda Ligi Kuu, wala Aprili 2024, ilipoitoa Simba kwa penalti mbele ya watu wa nyumbani. Sasa matokeo ya Kigoma husomwa kila wiki, na waandishi huja kwa ndege.

Nafurahi kwa ajili ya mji wangu. Lakini Ligi Kuu ni timu moja. Ligi ya wilaya, netiboli ya wauguzi, vijana wa Katonga, Gungu na Bangwe, timu za wavuvi, michezo ya shule, hizo bado hazina wa kuziandika, na wakati huu hatuwezi kuilaumu posta wala treni. Uingereza ligi yao ilianza mwaka 1888, na leo mtu yeyote anaweza kujua nani alifunga katika msimu ule wa kwanza, kwa sababu walikuwepo watu waliokaa pembeni ya kiwanja wakaandika. Sisi tuna wachezaji waliofanya maajabu mwaka 1985 ambao wajukuu wao hawana hata mstari mmoja wa kuonyesha. Kumbukumbu za mpira wetu nyingi ziko vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Nimekuwa nikizipiga picha kurasa za Baba Mdogo na kuzichapa upya, na ningependa nakala zikae katika maktaba ya mkoa na katika ofisi ya chama cha soka cha mkoa, mahali ambapo kijana anaweza kuingia na kumtafuta babu yake. Wanafunzi wangu wa zamani wananisaidia. Tunakwenda kwa wazee waliotajwa humo, tunawasomea, nao hutuongezea. Wengine huanza kubishana juu ya penalti ya miaka 40 iliyopita, na tunaandika pia ubishi huo, kila mmoja na jina lake.

Kwa hiyo nawaambia vijana wa Kigoma wenye simu mkononi, wanaopiga picha ya bao na kuituma kabla mfungaji hajamaliza kushangilia: mnayo yote aliyoyakosa. Nendeni kiwanjani nusu saa kabla ya mchezo. Muulizeni kila mchezaji jina lake, la baba yake, mtaa wake na kazi yake, na mliandike anavyotaka yeye. Mwandikeni mwamuzi. Mwandikeni mtoto anayeokota mipira. Mkimaliza kuwaandika walioshinda, wafuateni waliofungwa kule walikokaa, muwaulize ilikuwaje, muandike na hayo. Kisha wekeni nakala mahali pasipofutika, na Jumapili ijayo mrudi tena.